Daktari wa Mifugo wa Woolwich

Kwa miaka mitatu nilikuwa daktari wa mifugo bila kusoma hata ukurasa mmoja wa udaktari, na nasema bila kujisifu kwamba sikupoteza mgonjwa hata mmoja. Cheo hiki nilitunukiwa na shangazi yangu kwenye kisomo cha wanawake, mbele ya sinia la sambusa. Mama mmoja anayekaa ghorofa ya chini yetu, mwenye pua ya kunusa mambo ya watu, aliuliza mbona binti wa nyumba hii hutoka alfajiri na kurudi ananuka mnyama. Shangazi hakumeza hata mate. "Anasomea udaktari wa mifugo," akasema, kisha akachukua sambusa nyingine. Wanawake wakaitikia mashallah. Mimi nilikuwa jikoni nikimimina chai, na nilipotokea na birika nilikuwa nimeshahitimu.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko huo, na kwa shangazi ulikuwa mchungu zaidi. Nilikuwa nazoa mavi ya farasi. Siku nne kwa wiki, kabla ya zamu zangu za mchana za kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, nilipanda treni mpaka vilima vya kusini ya London, kwenye zizi la farasi wa mashindano, nikazoa, nikafagia, nikawapiga brashi. Nilitaka kuwa joki. Sisemi kupanda farasi kwa kujifurahisha, kama mabibi wanaozunguka bustanini Jumapili wakiwa na buti safi. Nilitaka kukimbia mbio zenyewe, uwanjani kwenyewe, nina nambari mgongoni mwa farasi na rangi za mwenye mali mwilini, na nilitaka kushinda. Nilikuwa na miaka thelathini, umri ambao majoki wengine wameshaanza kuuguza viuno.

Shangazi nilikuwa nimemweleza mapema, kabla ya kile kisomo. Alikuwa anakaanga vitunguu. Alipunguza moto, jambo ambalo huwa analifanya kwa habari za misiba tu.

"Mbio za farasi ni kamari," akasema.

"Mimi sichezi kamari, shangazi. Mimi nakimbia tu."

"Mbuzi naye hali pilau, lakini bila yeye hakuna karamu."

Akaongeza moto, akaendelea na vitunguu vyake.

Basi usiku wa kile kisomo, wageni walipoondoka, nilimfuata nikamuuliza ananizushia vyeti vya nini. Hakuona haya hata kidogo. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa na miaka saba, na ndiye aliyenileta London nikiwa na kumi na tisa, akalala kwenye kochi miaka miwili ili mimi nipate kitanda. Alifanya kazi hospitali kule Lewisham mpaka magoti yakakataa. Alikunja kitambaa cha meza taratibu, pembe kwa pembe.

"Sikumleta mtoto wa ndugu yangu Ulaya aje azoe mavi," akasema. "Siku utakayoshinda hizo mbio zako, nitasimama mwenyewe niwaambie watu. Nitawaambia wote. Mpaka siku hiyo, wewe ni daktari wa mifugo."

Namjua shangazi. Neno lake akilitoa halirudi. Nikasema sawa, nitashinda. Nilisema kama mtu anayekwenda dukani kununua maziwa.

Ugonjwa huu wa kutaka kuwa joki niliupata kwenye kituo cha basi. Woolwich ina kambi ya wanajeshi wenye farasi, na asubuhi hupita nao barabarani kuwanyoosha miguu, kati ya basi na lori la taka, na hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Nami nilikuwa nimeishi hapo miaka kumi nikiwaona kama ninavyoiona mvua. Asubuhi moja akapita askari mwanamke, mfupi kama mimi, yuko juu ya farasi mmoja na mwingine amemshika kwa kamba, anatafuna kitu. Hakuwa anajivuna wala hakuwa anaogopa. Alikuwa kazini. Basi langu likaja, likaondoka, mimi nimesimama palepale. Siku hiyo nilichelewa kwa bibi niliyekuwa namtunza, nikamwambia treni zilikuwa na matatizo, uongo ambao London mtu hupewa bure na kila mtu huukubali.

Tena si kwamba nilikuwa mgeni wa wanyama. Nimezaliwa Lamu, mji ambao punda ndiye gari, ndiye lori na ndiye kero ya jirani. Baba alikuwa nao watatu wa kubebea mchanga na mawe ya kujengea, na niliwapanda kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Lakini kwenye mashindano ya punda wapandao ni wavulana. Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja nilimfundisha punda wetu mwezi mzima, na siku ilipofika akapewa kaka yangu, ambaye alikuwa anamwogopa. Kaka akaanguka mbele ya watu wote. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa dirishani, na wote wakacheka, nikaambiwa na mimi nicheke. Sikucheka. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli sioni kama imepungua mpaka leo.

Ujuzi huo wa Lamu nikaenda nao zizini kichwa juu. Mwenye zizi ni mama wa Kiingereza mwenye sauti ya kukwaruza na koti linalolingana nami umri. Aliniuliza kama nimewahi kupanda. Nikasema tangu utotoni. Akanitolea farasi mzee aliyestaafu, mpole, anayepewa watoto wa wageni, nikapandishwa mgongoni. Kabla mama yule hajamaliza kunifunga mkanda wa kofia, nikateleza nyuma, nikakaa pale anapokaa mtu wa kwetu, matakoni mwa mnyama, karibu na mkia, miguu inaning'inia. Punda hupandwa hivyo na kila mwenye akili anajua. Yule farasi mpole wa watoto hakuwa anajua. Alirusha miguu ya nyuma mara moja tu, nami nikashuka kwa njia ya mkato.

Nikalala kwenye matope nikitazama mbingu ya Uingereza, ambayo haina cha kutazamwa. Mama akainama.

"Huko kwenu," akaniuliza, "farasi huendeshwa kutoka siti ya nyuma?"

Nikamwambia huko kwetu hakuna farasi. Akafikiri kidogo, akasema basi nije kesho saa kumi na mbili asubuhi, nianze na fagio.

Nikaanza na fagio. Miezi minane. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, waliosema walisema, ila hawakusema atainama miezi minane kwenye mkojo wa farasi huku baridi inamng'ata masikio. Wenzangu pale zizini walikuwa wasichana wa miaka kumi na minane waliozaliwa juu ya tandiko. Waliniita kwa heshima kama anavyoitwa mwalimu, heshima inayouma kuliko tusi. Jioni nilipanda mkono wa kochi letu, nimechuchumaa, magoti yameinuka kama joki, dakika kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini, mpaka mapaja yakawa yanatetemeka. Shangazi alikuwa akiangalia taarifa ya habari pembeni yangu. Hakuwahi kusema neno, ila siku moja kochi lilipotoa mlio aliniambia farasi wangu ana njaa.

Wakati huohuo udaktari wangu ulikuwa unashamiri.

Mama wa ghorofa ya chini ana paka, na paka akaacha kula. Nikaletewa. Nikamgusa tumbo nimekunja uso, kama nilivyoona madaktari wanavyowafanyia wazee wangu, nikasema apewe maji mengi na asisumbuliwe. Akapona. Lo, bora angekufa. Kuanzia siku hiyo sikupata amani. Kutoka Lamu zikaja sauti kwenye simu: punda ana kidonda begani, mbuzi anakohoa, kuku wanageuza shingo. Ya punda niliyajibu kweli, maana hayo nayajua. Ya kuku niliwaambia wachinje mapema.

Hata mzee wa jumuiya yetu alikuwa mteja. Jumuiya ni sisi watu wa Pwani tunaokutana Jumapili moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kukodi hapa Woolwich, na mzee huyu ndiye mwenyekiti, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake. Kila kikao hakosi kutuonya juu ya maduka ya kubeti yaliyojaa barabara kuu. Huyaita nyumba za shetani zenye zulia. Lakini nikimpelekea chai, alikuwa na maswali yake ya kisomi, sauti ya chini.

"Mwanangu daktari, hebu nieleze. Farasi aliyepumzishwa miezi miwili, akirudi, pumzi huwa inamtosha?"

Nikamweleza.

"Na ardhi ikiwa imelowa? Yule mwenye kwato pana ndiye bora?"

Nikamweleza hilo pia, nikaona raha kupata mtu mmoja katika jumuiya nzima anayeheshimu elimu.

Mwaka wa tatu nikapata kibali cha kupanda mbio kama mpandaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Nilipimwa pumzi, macho na mifupa, nikakalishwa juu ya farasi wa mashine nikiulizwa maswali huku napanda, nikafeli mara ya kwanza. Niliambiwa mikono yangu ni mizito. Nikarudi kwenye kochi. Mara ya pili nikapita. Sikumwambia mtu ila shangazi, na shangazi akasema hongera daktari.

Ndipo mwenye zizi akaniita ofisini, penye joto la kuwatosha mbwa wake wawili tu. Akasema kuna mbio za wanawake wa ridhaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye uwanja ulio magharibi ya London. Ana farasi jike mwenye miaka mitano anayefaa. Mwenye farasi alikuwa anamtaka mpandaji mwingine, msichana wa watu wanaojulikana, lakini yeye amemwomba anipe mimi mara hii moja.

"Ukifanya vizuri, utapanda tena," akasema. "Ukinifanyia ile ya siti ya nyuma, utarudi kwenye fagio, na utazeeka nalo."

Usiku huo nilimkuta shangazi akikunja nguo. Nikamwambia Jumamosi, saa nane na nusu mchana.

"Wanaionyesha kwenye televisheni?"

"Kwenye chaneli ya kulipia. Na kwenye maduka ya kubeti."

"Basi hawaionyeshi."

"Twende wote uwanjani, shangazi."

"Jumamosi nina nguo za kufua."

Nikamuuliza kama neno lake bado liko palepale. Akanitazama kama nimemuuliza kama jua bado linachomoza. "Ushinde," akasema. Basi ndio hivyo. Nilikuwa nimebeba zizi zima begani, lakini kilichonikosesha usingizi wiki ile kilikuwa ni kumsikia shangazi akisimama mbele ya watu akisema huyu ni nani.

Jumamosi ikafika. Nataka kueleza kwanza habari ya mizani. Miaka mitatu Woolwich nzima ilikuwa inanisema nimekonda. Mama wa ghorofa ya chini alishanong'ona kwamba nina maradhi au nina mume wa siri, na sijui kipi kwake kilikuwa kibaya zaidi. Nilipopanda mizani ya uwanjani na tandiko mkononi, karani akatikisa kichwa akasema uzito hautoshi, akaniongezea vipande vya madini ya risasi kwenye mifuko ya tandiko. Nilitamani wanawake wote wa kisomo wangekuwapo. Nimekula wali wa nazi wa shangazi mpaka siku ya mwisho na bado Waingereza wananijazia chuma.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wenzangu walijuana, walipigana mabusu ya hewani, waliulizana habari za mama zao. Mimi nilikuwa nimevaa kijani na nyeupe, rangi za mwenye farasi, na chini ya kofia nilikuwa na kilemba kidogo cheusi. Nilikuwa naogopa. Sitajitia ushujaa leo kwa sababu yamepita. Farasi naye aliujua woga wangu, akawa anatupa kichwa. Nikamsemesha kwa Kiswahili, yale maneno ya punda wa baba: pole mama, twende mama, hakuna haraka. Masikio yakageuka nyuma kunisikiliza. Nadhani alikuwa hajawahi kusemeshwa kistaarabu.

Milango ikafunguka kwa kishindo kimoja. Agizo la mwenye zizi lilikuwa jepesi: kaa ndani karibu na uzio, tulia, usimwachilie mpaka mita mia mbili za mwisho. Nikatulia. Nilikuwa wa tano, mchanga unanipiga usoni, sioni ila matako ya farasi wanne, na nikakumbuka kwamba mimi nina asili na matako ya wanyama. Kwenye kona ya mwisho, mwanamke mwenye kofia ya manjano akanijia kutoka kushoto akanibana. Akanibana tena. Goti langu la kulia likagonga uzio, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Mbele yangu, kati ya farasi wawili, ikafunguka nafasi, na ilikuwa mapema, zilibaki mita mia tatu na ushei. Nikawaza: nikingoja itafungwa. Nikamwachilia.

Tukapita katikati. Tukaongoza. Hakuna farasi mbele yangu, hakuna matako, ni uwanja mtupu na kelele za watu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa jambo lolote, na ilidumu labda kwa sekunde kumi na mbili. Kisha pumzi ya farasi wangu ikaanza kukatika chini yangu, nikamsukuma, nikamsihi, nikamwita mama mara nyingi kuliko nilivyomwita mama yangu mzazi, na kutoka upande wa nje akaja farasi mwekundu ambaye sikuwa nimemwona kabisa. Akanipita kwenye mstari kwa kichwa. Nasema kichwa cha farasi, si mwili. Kichwa.

Mwenye zizi alikuja mbio, akashika hatamu, akaniambia nilimwachilia mapema. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kukwaruza, kwamba mwenye farasi amefurahi na mwezi ujao nitampanda tena. Ningepaswa kurukaruka. Nilimshukuru, nikashuka, goti likakataa kunibeba, nikashikilia shingo ya farasi nikisubiri dunia itulie. Nilikuwa nimepata kila kitu isipokuwa kile nilichokwenda kukitafuta.

Nilifika nyumbani jioni. Kikapu cha nguo chafu kilikuwa kimejaa vilevile kama asubuhi, na pakiti mpya ya sabuni juu yake haijafunguliwa. Juu ya meza palikuwa na mfuko wa njegere za friza umezungushiwa kitambaa. Nilikuwa nimechoka, sikujiuliza chochote.

"Wa pili," nikasema.

"Wa pili si wa kwanza," shangazi akajibu. Akanisukumia zile njegere. "Weka gotini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kesho kwenye kikao ni teke la ng'ombe, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikalia bafuni na bomba la maji limefunguliwa, kama mtu mzima.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mzee alisimama, kanzu yake imesimama naye, akatuhubiria juu ya zile nyumba za shetani zenye zulia kwa dakika ishirini, akatukumbusha kwamba mcheza kamari hana nyumba na wala hana kesho. Tukaitikia. Kisha ikaja chai, nami kama kawaida ya vijana wa kike, hata wenye miaka thelathini na mitatu, nikabeba sinia la mandazi nikazunguka nalo nachechemea.

Mama wa ghorofa ya chini aliniona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alikuja mpaka meza ya wakubwa, alipokaa mzee na shangazi na wengine, ili jibu lisikike na wote.

"Daktari wetu kapatwa na nini?"

"Teke," shangazi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Ng'ombe. Kwenye mazoezi ya chuo."

"Si ng'ombe," akasema mzee.

Alikuwa amelowesha andazi kwenye chai na macho yake yalikuwa mbali, ya mtu anayetazama tena kitu kilichomkera tangu jana. "Ni pale kona ya mwisho, yule wa kofia ya manjano alipombana kwenye uzio. Lakini na yeye mwenyewe alimwachilia mapema mno. Mita mia tatu? Angengoja kidogo tu, angeshinda."

Nilisimama na sinia langu. Vichwa viligeuka meza baada ya meza. Andazi la mzee likakatika likazama kwenye chai. Nikaona uso wake ukirudi polepole kutoka uwanjani, ukafika Woolwich, ukatambua uko wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya yule mzee haikufika hata mlangoni.

Nilimtazama shangazi. Nilijua atakachofanya. Atacheka, atasema mzee kachoka, atalifunika jambo kama anavyofunika sufuria. Miaka mitatu ya uongo safi, haiwezekani aitupe kwa ajili ya mtu aliyetoka wa pili.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Hakumwachilia mapema," akasema.

"Dada, mimi nakwambia..."

"Mimi ndiye ninayekwambia. Angengoja, angefungiwa pale mpaka leo. Nafasi ilikuwa moja, akaingia. Kilichomponza ni yule mwekundu aliyetokea nje mwishoni. Huyo hakuwa na namna ya kumwona, maana alikuwa anatazama mbele kama mtu anayejua kazi yake."

Nampa mzee sifa yake, alikuwa amezama lakini aliona kwamba hajazama peke yake. "Na wewe, dada yangu," akauliza taratibu, "haya yote uliyaonea wapi?"

"Palepale ulipokuwa wewe," shangazi akasema. "Wewe ulikaa kiti cha mbele, karatasi mkononi. Mimi nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa sabuni. Hukugeuka hata mara moja."

Kutoka meza ya wanawake mtu akasema nyani haoni kundule, si kwa sauti ya chini sana. Shangazi hakungoja kicheko kiishe. Alishika ukingo wa meza, akasimama kwa yale magoti yake ya hospitali.

"Huyu si daktari wa mifugo," akawaambia. "Hajawahi kuwa. Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Huyu ni joki. Hukimbiza farasi kwenye mashindano, hachezi kamari wala hajawahi. Jana walikuwa kumi na mmoja, akawa wa pili, na goti limeumia. Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe."

Hakuna aliyesema mashallah. Wa kwanza kupata sauti alikuwa mama wa ghorofa ya chini.

"Na paka wangu je?"

"Mpeleke kwa daktari," shangazi akasema, akakaa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, yeye na magoti yake mawili mabovu na mimi na langu moja. Tulipita lile duka la kubeti la barabara kuu. Ndani, wanaume walikuwa wameinua vichwa kwenye televisheni, na palikuwa na zulia kweli. Nilimwona shangazi akilini mwangu pale mlangoni, na buibui lake na sabuni yake, mwanamke ambaye hukataa hata tikiti za bahati nasibu za shule, amesimama katikati ya watu asiowajua ili anione mimi. Nilitaka kumwambia jambo kubwa. Nikaishia kubishana, kama kawaida yetu.

"Lakini sikushinda, shangazi. Ulisema siku nitakayoshinda."

"Najua nilivyosema."

"Sasa mbona umewaambia?"

Tulikuwa tumefika mlangoni kwetu. Alitafuta funguo kwenye mkoba, akahangaika nazo, akafungua.

"Nilisema siku utakayoshinda nitawaambia, na nimeshawaambia," akasema. "Sasa mwezi ujao nenda ukashinde. Usinifanye mwongo mara ya pili."